Ulimi Aliomrithisha Bintiye

Mtu mmoja wa milimani kule Rungwe alikuwa na shamba lisilojua ukame. Jina lake Gwakisa. Shamba lilimpa ndizi, maparachichi, maharage na maboga, na nyuma ya nyumba mkewe Subilaga alipanda mboga za majani zilizostawi mwaka mzima. Kila siku ya gulio Gwakisa aliyapakia hayo yote kwenye baiskeli, akayateremsha sokoni, akawauzia watu wa mjini. Jioni alirudi na chipsi zilizofungwa kwenye gazeti lililolowa mafuta, na soda. Alimpakata binti yake wa pekee, Atupele, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Subilaga alikuwa amekwisha kupika. Chungu chake kilikaa jikoni mpaka kikapoa, na asubuhi chakula wakapewa nguruwe.

Mkewe alipolalamika, Gwakisa alimjibu kwamba majani ni chakula cha wasio na kitu, naye hakuvunja mgongo shambani ili mtoto wake ale kama fukara. Hakuwa mtu mbaya. Nawaambieni hivyo mapema, kwa sababu mtamhukumu upesi. Alimpenda mtoto, na hakuna kilichomfurahisha kama kumwona akitoka mbio kuja kumpokea njiani. Hakujiuliza mtoto alikuwa akimkimbilia nani, yeye au lile gazeti.

Atupele akakua, akaolewa mjini. Miaka ikaenda, Gwakisa akaanza kushikwa na kiu isiyokatika, miguu ikafa ganzi, macho yakaingia ukungu. Daktari akamwambia ni kisukari, na kwamba asipobadili chakula chake atapofuka. Akarudi nyumbani, akaketi mbele ya chungu alichokuwa amekikataa maisha yake yote.

Subilaga hakumcheka. Alimpunguzia sukari kwenye chai kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Majani ya maboga aliyaunga kwa karanga, maharage akayapika kwa nyanya na vitunguu, ndizi akazichemsha badala ya kuzikaanga. Gwakisa alikula kama mtu anayemeza dawa. Mboga aliiona nyasi, maharage aliyaona udongo. Alikuwa mkali. Siku moja aliisukuma sahani ikaanguka ikavunjika. Subilaga akaokota vipande, akafagia, akampakulia upya. Gwakisa akipita karibu na kibanda cha chipsi, harufu ilimsimamisha kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, hata akaanza kuzunguka kwa njia ya mbali. Aliamini kwamba ndivyo atakavyoishi mpaka kufa, akila asichokipenda na kukipenda asichokila.

Lakini ulimi nao huchoka kulia. Asubuhi moja alipokuwa shambani alipasua parachichi lililoanguka, akala kwa sababu ya njaa tu, akajikuta amekaa chini akitafuna polepole kama anayesikiliza kitu. Siku zilizofuata akaanza kuuliza mapema ni mboga gani iliyo jikoni. Kwenye harusi ya jirani alipewa soda. Akanywa funda moja, akaiweka chini, maana utamu wake ulimkera. Akarudi nyumbani, akala alichokuta, akamtazama mkewe.

"Mama Atupele," akasema, "miaka yote hii ulikuwa ukipika hivi?"

Subilaga akainuka, akaenda kulilia jikoni.

Furaha ile haikukaa. Habari zikaja kwamba Atupele naye ana ugonjwa uleule, na mguuni ana kidonda kisichopona. Gwakisa akajaza kapu mboga na maharage, akaenda. Alimkuta kitandani, chupa ya soda iko karibu na mkono wake. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa safarini, na jiko la nyumba ile lilikuwa la baridi. Gwakisa akawasha moto, akapika kama alivyomwona Subilaga akipika, akampelekea binti yake kijiko mdomoni. Atupele alijitahidi. Alimeza kijiko cha kwanza, na cha pili, kisha akageuza uso. Baba yake akamsihi. Akamwonya juu ya macho, juu ya mguu, juu ya kaburi. Akamweleza kwamba ulimi hufundishika, kwamba yeye mwenyewe ni shahidi.

Atupele akamwambia, "Baba, ulimi huu uliufundisha wewe, nikiwa mapajani mwako. Mimi sijui mwingine."

Gwakisa akaichukua sahani, akaiosha. Alibaki pale mjini, akapika kila siku, akavumilia kila sahani iliyosukumwa, kama alivyovumiliwa. Pengine ulimi ule ungegeuka. Kidonda hakikuungoja. Madaktari wakaukata mguu, na masika yalipoanza, wakati majani ya maboga yanapochipua kwa wingi, Atupele akafa.

Aliacha mtoto wa kike, Tumpe, mdogo bado, aliyekuwa akikaa kwa majirani muda wote wa ugonjwa, na ambaye meno yake ya mbele yalikuwa meusi tayari kwa soda. Baada ya matanga akaletwa milimani kwa babu na bibi. Subilaga, aliyekuwa ameishiwa nguvu kwa msiba, akapika hata hivyo. Gwakisa akampakata mtoto, akachota kwa kijiko, akamwonjesha. Mtoto akatema. Akalia akitaka chipsi. Akalia akitaka soda. Kisha akalia akimtaka mama yake, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujua analilia kipi. Majirani waliokuja kuwafariji wakatazamana. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Mpeni anachotaka. Yatima huyu, mnamtesea nini?" Wengine wakaguna kwa kukubali, na mmoja akasimama, tayari kwenda dukani.

Gwakisa akamwomba akae. Akachota tena kwa kijiko. Alijua kwamba ni yeye aliyemfikisha mtoto huyu hapa, ingawa hakuwahi kumlisha hata tonge moja kabla ya siku ile. Alijua pia kwamba yeye ni mzee, na kwamba ulimi huchukua muda mrefu kugeuka kuliko muda aliobakiwa nao. Majirani wakaondoka wakinung'unika. Tumpe akalia mpaka sauti ikamkauka, akalala na njaa kifuani pa babu yake, na chakula kikapoa mbele yao wote wawili.

Kesho yake ataamka na kulia tena, na kesho kutwa. Ninyi mnaosema mnawapenda watoto wenu, nani kati yenu ana upendo unaoweza kukisikia kilio hicho mpaka mwisho wake?