Mbuzi Asiyebatizwa

Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Maana yake ni kwamba jambo lililoshindikana kwa nguvu na vitisho huweza kulainika kwa kauli njema. Ukweli huo Rispah aliushuhudia katika kanisa dogo la Wakatoliki huko Waa, pwani ya Kenya, mwaka uliofuata ule wa uhuru.

Rispah alikuwa mke wa mwalimu, mtulivu kama maji mtungini. Siku hizo Misa ilisomwa kwa Kilatini, na watoto wadogo wasioelewa neno walisinzia au kuvutana nguo mpaka mama zao wakaona haya. Akamwomba padri ruhusa ya kuwakusanya barazani nyuma ya kanisa kila Jumapili. Hapo aliwatandikia mkeka, akawasimulia habari za Nuhu na safina, Daudi na kombeo lake, Yona tumboni mwa samaki. Mtoto mmoja wa mvuvi aliuliza kama samaki huyo alikuwa nguru au papa. Rispah alikiri kwamba hata yeye angependa kujua.

Katekista Jefwa hakupendezwa.

"Mama, mtoto hafundishwi dini kwa ngano," alimwambia. "Hufundishwa kwa maswali na majibu, na akikosea, fimbo ipo."

"Majibu watayahitaji, katekista," Rispah alijibu kwa adabu. "Mimi nawatayarishia masikio tu."

Jefwa akaguna, akaenda zake.

Jumapili moja ya masika, bibi Mbeyu alikuja na mjukuu wake Sidi, mtoto wa miaka mitano aliyefiwa na mama yake si zamani. Juma lililopita Sidi alikuwa ameketi katika darasa la Jefwa. Leo, alipomwona tu katekista akija, alichopoka mkononi mwa bibi yake kama kambare, akatumbukia katika stoo iliyopakana na baraza na kujipenyeza nyuma ya mabenchi mabovu yaliyorundikwa hadi karibu na dari.

"Toka huko!" Jefwa alinguruma, akigonga mlango kwa fimbo.

Sidi akazidi kujibana. Rundo likatikisika, benchi la juu likateleza kidogo. Mbeyu akapiga ukemi. Ilikuwa wazi kwamba yeyote ambaye angejaribu kumvuta angemwangushia mtoto mbao zile zote.

"Tafadhali, katekista, nipishe," Rispah alisema. Akaketi kizingitini, akawaita watoto wengine waketi kando yake, akaanza kusimulia kana kwamba hapakuwa na jambo. Alisimulia habari za mchungaji aliyepotelewa na mbuzi mmoja. Injilini ni kondoo, lakini Rispah alijua kwamba kwa kina Sidi hufugwa mbuzi. Mchungaji akaacha kundi zima, akaingia vichakani, miiba ikamchana miguu, naye akiita tu.

Sauti nyembamba ikatoka gizani. "Na kama mbuzi huyo hakubatizwa?"

Rispah akageukia giza la stoo.

"Kwa nini wauliza, mwanangu?"

"Mama hakubatizwa. Katekista alisema wasiobatizwa wanachomwa moto."

Mbeyu akajifunika uso kwa leso. Jefwa akaishusha fimbo yake. Rispah alipandwa na hasira. Angeweza kumwaibisha mtu huyo mbele ya wote. Akaimeza.

"Mchungaji hakuuliza kama alibatizwa," alisema polepole. "Alimjua kwa sauti yake, akamtafuta. Sidi, mama yako alikuwa akikubeba mgongoni?"

"Ndiyo."

"Mungu ndiye aliyempa moyo huo wa kukubeba. Basi yeye mwenyewe atashindwa kumbeba mama yako? Bibi yako amekushika mkono tangu nyumbani. Mungu hawezi kuwa na huruma ndogo kuliko ya bibi yako. Njoo, mwanangu. Njoo polepole, usiguse mbao."

Kikatokea kisigino, kisha gauni, kisha kichwa kilichojaa utando wa buibui. Sidi akamwangukia Rispah kifuani, akalia. Mbeyu alisema baadaye kwamba tangu maziko ya mama yake, mtoto yule hakuwahi kutoa chozi.

Misa ilipokwisha, Jefwa alimngoja Rispah nje, macho ameyainamisha.

"Sikujua neno lile lilimwingia hivyo," alisema.

"Watoto wanakuamini, katekista. Usemalo wanakwenda nalo nyumbani."

Jefwa akauliza kama mkekani pangekuwa na nafasi ya mtu mzima.

Jumapili iliyofuata alikuja mikono mitupu, akaketi huku magoti yakilia ko! ko! Watoto walijisogeza mbali naye. Akawasimulia habari za punda wa Balaamu aliyesema kama mtu, na ilipofika zamu ya punda kunena, mzee yule mkali akalia kwa sauti ya punda hasa. Kicheko kilisikika mpaka altareni. Alipomaliza, Sidi alijongea taratibu, akaketi karibu na goti lake.

"Rudia punda," alimwambia.

Jefwa akarudia. Yule aliyekuwa amejificha nyuma ya mbao ametoka, na yule aliyekuwa amejificha nyuma ya fimbo ametoka pia, wala hakuna aliyevutwa. Hakika, maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.