Maua Meupe ya Kaburini

Hii nimetumiwa na mfugaji mwenzangu. Ukiisoma, mrushie mwingine mwenye ng'ombe.

Aikande, mjane wa huko Uchagani, alikuwa na ng'ombe mmoja bandani, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakimlea mjukuu wake asiye na mama. Ghafla yakawa machungu. Mtoto akayatema, na ng'ombe akaanza kutoka vidonda mdomoni.

Aikande hakungoja ushahidi. Alimfuata jirani yake, Mzee Elirehema, kwenye kilabu cha mbege na kumfokea mbele ya wanywaji wote: "Una kijicho! Umemroga ng'ombe wangu!"

Mzee yule alikuwa mdadisi kupita kiasi. Badala ya kukasirika aliuliza, "Shemeji, yana uchungu gani? Wa shubiri au wa kwinini?"

"Unanitania?"

"Hata! Nataka kujua. Tubadilishane majani. Ng'ombe wangu ale ya kwako, wako ale ya kwangu."

Wiki haikuisha, maziwa ya Aikande yakarudia utamu wake. Ya mzee ndiyo yakawa machungu. Aliyaonja, akakunja uso, kisha akacheka kwa furaha.

"Basi mchawi yumo kwenye majani!"

Wakamwaga chini mzigo wa majani ya Aikande na kuanza kuchambua. Katikati yake wakakuta mmea wenye majani kama ya karoti na vimaua vyeupe vidogo.

"Gugu karoti," alisema mzee. "Bwana mifugo alituonyesha mkutanoni. Ni sumu kwa mifugo, tena usilishike mikono mitupu, linawasha. Umelikata wapi?"

Aikande akamwongoza hadi nyuma ya migomba, kwenye kaburi la mumewe. Maua yale yalikuwa yamelifunika lote. Aliyapanda mwenyewe, kwa kuwa hayanyauki hata kiangazi, na mbegu zake zilikuwa zimeshasambaa hadi kwenye majani anayokatia ng'ombe.

"Haya ya hapa utaamua mwenyewe, shemeji," mzee alisema kwa upole.

"Yang'oke. Marehemu alimpenda sana ng'ombe huyu."

Akavaa glavu, akayang'oa yote na mizizi yake huku analia, wakayachoma moto. Kisha akakata isale, jani la kuombea msamaha, akaenda nalo kilabuni na kumkabidhi mzee mbele ya wanywaji wale wale.

Funzo: Kabla hujamtafuta mchawi kwa jirani, chambua unachokilisha mwenyewe, na ukiikuta sumu nyumbani kwako, ing'oe hata kama uliipanda kwa mapenzi.