Yaya wa Sultani na Nyumba ya Tausi

Palikuwa na Sultani mmoja, Mwinyi Hatibu, aliyeitaka nyumba ya makuti ya Mize eti awalaze tausi wake. Jumba lake lina vyumba arobaini, lakini tausi, alisema, hawapendi ngazi. Cheka wewe. Mize hakucheka: alikuwa mshona makuti, hana mume, hana shamba, na nje ya kibanda kile hana hata pa kutandika mkeka.

Akaitwa barazani, watu wamejaa.

"Nyumba ile babu yangu alimwazima yaya wake, bibi yako Somoe," Sultani akasema. "Sasa naitaka."

"Bwana wangu, ile aliyoazima babu yako haipo. Makuti nimeezeka upya mara saba. Nguzo zililiwa na mchwa, nimezibadili zote. Kuta nimekandika kwa mikono hii. Hakuna hata ufito mmoja aliouona babu yako."

"Fito zimebadilika, nyumba ni ile ile."

Wazee wa baraza wakaitikia, naam, naam, hata hawajafikiri. Mize akamgeukia Sultani.

"Haya. Lakini aliyeazima amekufa. Wewe hukuazima kitu."

"Sultani hafi," akasema, huku akijipepea. "Anatoka mmoja, anaingia mwingine, Sultani ni yule yule. Mimi ndiye niliyeazima."

"Na Somoe je? Naye kafa. Mimi sikuazimwa."

"Aliyemo ndani ya nyumba ni yule yule. Wewe ndiye Somoe."

"Mimi?"

"Wewe hasa."

"Na wewe ndiye Sultani yule, tangu utoto wake?"

"Tangu kitovu hakijakatika. Karani, andika."

Karani akaandika, akapiga na muhuri. Mize akangoja wino ukauke. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akasogea hadi kwenye kiti cha enzi.

"Basi mwanangu, shuka hapo umwamkie yaya wako. Nimekuogesha, nimekubeba mgongoni, nimekuchapa kwa kukojoa kitandani, na leo unanitoa nyumbani kwa ajili ya ndege? Sema mbele ya watu hawa kwamba mtoto yule si wewe, nami nirudi kwangu, maana hukuniazima kitu. Au kama ndiye, lete mkono, na kesho asubuhi naja kukagua godoro."