Kuni Zisizofungwa

"Kuni zisizofungwa hazifiki mekoni." Vijana wa redio yetu ya jamii huko Rungwe walimsikia Mzee Ambokile, mkongwe wa kituo, akisema hivyo. Subilaga, mtangazaji mpya, akauliza msemo huo umetoka wapi. Mzee akajibu kwamba kisa chake kilitokea humu humu kituoni, miaka mingi iliyopita.

Siku moja mvua ilimleta mgeni asiyetarajiwa, Bi Zamda, fundi wa kompyuta aliyekuwa safarini. Lusajo, mtunza rekodi, alimpa kiti na chai, kisha akamwonyesha hazina yake: folda iitwayo Sauti za Wazee. Kila jioni programu ya kutunza nakala ilimwandikia "Imekamilika", naye akienda nyumbani moyo mweupe.

"Umewahi kuifungua hiyo nakala?" mgeni akauliza.

Hakuwahi. Walipoifungua, ilikuwa tupu.

Bi Zamda hakumcheka. Alimweleza kwamba programu ile ikikuta nafasi kati ya maneno hudhani jina limeishia hapo. Ilitafuta folda iitwayo Sauti, ikaikosa, ikajiendea zake. Akalizungushia jina lote alama za nukuu, mwanzo na mwisho, na sauti zote zikanakiliwa kwenye diski ya akiba.

Lusajo akamshika mikono yote miwili, akashukuru.

"Shukrani yangu iwe hii," mgeni akasema. "Kila Ijumaa ifungue uione kwa macho yako."

"Nimeahidi, dada."

Bibi Tusekile, kikongwe wa pale kijijini, aliposimuliwa, alicheka hadi kanga ikamdondoka. "Mjukuu wangu, umesoma kote huko hujui? Kuni zisizofungwa hazifiki mekoni."

Ijumaa iliyofuata bibi alikuja kumrekodia kitukuu wake, aliyekuwa bado tumboni, wimbo wa kumbembeleza. Lusajo akaufungulia folda mpya, Wimbo wa Tusekile. Jioni gari la mwisho likapiga honi; kwao dada yake alikuwa akiagwa kwenda kuolewa. Lusajo alitazama mlango, akakumbuka ahadi, akaketi. Akafungua nakala. Wimbo haukuwamo: alikuwa amesahau kulifunga jina jipya kwa alama za nukuu.

Akalifunga, akasubiri mpaka wimbo ukaingia. Kisha akatembea kwa saa tatu kwenye matope, akafika akakuta dada yake ameshaondoka.

Jumapili radi iliiunguza kompyuta. Bibi naye hakuishi hadi mavuno.

Alipomaliza kusimulia, Mzee Ambokile akachomeka diski ile ile ya akiba, sasa kuukuu. Sauti ya kikongwe ikaanza kuimba, taratibu.

"Kitukuu yule ni wewe, Subilaga."

Subilaga alisikiliza hadi mwisho, akafuta macho. "Kweli, babu," akasema. "Kuni zisizofungwa hazifiki mekoni."