Bi Kidawa na Mnajimu wa Farasi

Palikuwa na sultani mmoja, jina lake Harithi, aliyependa mbio za farasi kuliko alivyowapenda wake zake, na wake zake walishukuru sana. Kila Ijumaa alasiri farasi walishindanishwa uwanjani mbele ya jumba lake, na mji mzima ukaweka dau.

Sasa sultani huyo akaleta mnajimu kutoka ng'ambo, Zubeiri, mtu wa ndevu ndefu na kilemba kikubwa kama mto wa kulalia. Ukimlipa ada, anakunong'oneza sikioni jina la farasi atakayeshinda. Kisha anakuapisha: usimwambie mtu, bahati itavuja.

Ingekuwa hiari, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini sultani akapiga mbiu: kila nyumba inunue utabiri, kila wiki. Atakayekataa atafagia zizi la farasi mpaka afe. Na farasi wale, jamani, walikuwa wanakula wakashiba.

Bi Kidawa alikuwa muuza vitumbua. Ijumaa moja asubuhi mumewe, Makame, alitoka nyumbani na kikaango cha vitumbua, akarudi na jina la farasi. Jina tu.

"Kikaango kiko wapi?"

"Nimekiuza, nikalipa ada. Lakini safari hii, mke wangu, hatukosi!"

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo, farasi wako akaja wa mwisho."

"Mnajimu alisema farasi alikuwa na huzuni."

Kikaango kile Kidawa alikirithi kwa mama yake. Alitamani kulia, akaona atachelewa. Akajitanda kanga, akaenda moja kwa moja barazani kwa sultani, akasimama mbele za watu.

"Mimi silipi."

Sultani akamwinamia. "Adhabu unaijua?"

"Naijua, Mtukufu. Ila kabla sijashika ufagio, niruhusu nimuulize mnajimu wako hapa maneno mawili matatu. Akinishinda, nitafagia huku naimba."

Sultani alipenda mashindano ya kila namna. Akaruhusu.

"Haya, mnajimu," Kidawa akaanza. "Wewe unamjua farasi atakayeshinda?"

"Nyota zinaniambia."

"Basi weka dau mwenyewe utajirike, sisi tupumzike."

"Mimi sina tamaa ya mali."

"Na hizo pete vidoleni?"

"Zimenitamani zenyewe."

Watu wakacheka. Kidawa akakaza uso.

"Kwa kuwa huna tamaa, ada zetu zinakwenda wapi?"

"Nusu naitunza mimi. Nusu nyingine..." Mnajimu akatupa jicho kwenye kiti cha enzi.

Sultani akapatwa na kikohozi cha ghafla. Minong'ono ikaanza huku nyuma.

"Tuyaache hayo," akasema Kidawa. "Sasa naomba kila mtu ataje farasi aliyenong'onezwa kwa mbio za leo."

"Haiwezekani!" mnajimu akaruka. "Bahati itavuja!"

"Itavujia kwa nani? Wote wakitaja kwa pamoja, nani atakuwa anasikiliza?"

Hoja hiyo sultani aliiona ina maana kabisa. Akainua mkono. "Tajeni!"

Lo! Kadhi akapaza sauti, "Kipepeo!" Waziri akasema, "Mshale!" Makame, aliyekuwa amemfuata mkewe, akapiga kelele, "Shemeji!" na huyo Shemeji alikuwa farasi anayechechemea. Sultani naye, kwa mazoea ya kushangilia, akasimama juu ya kiti: "Tufani! Tufani!" Hakuna farasi aliyesahauliwa. Hata Radi, aliyekufa tangu Ramadhani, alipata watu wake.

Kisha wakatazamana.

"Nyota ya kila mtu ni tofauti!" mnajimu akajitetea, kilemba kikianza kumwinamia.

"Nyota ni tofauti, lakini mshindi ni mmoja," akasema Kidawa. "Ukiwataja farasi wote, mmoja lazima ashinde. Walioambiwa huyo wanakusifu mji mzima. Waliokosa wanaona haya, wananyamaza. Kazi hiyo hata mbuzi wangu angeiweza, na yeye ada yake ni maganda ya ndizi."

Sultani akawa mwekundu kama pilipili. "Ewe mwanamke, umeniharibia Ijumaa yangu! Kama wewe ndiye mjuzi, nitajie mshindi wa leo. Ukikosea, ufagio ni wako!"

Hapo hapo zikasikika kelele nje. Mnajimu alikuwa amevua viatu, amepenya mlangoni, anakata uwanja kwa mbio, ndevu zikipepea begani. Nyuma yake kadhi, waziri na mji mzima, na Makame akilia, "Kikaango changu!"

Kidawa akasogea dirishani, akakinga jua kwa kiganja, akatazama vizuri.

"Kwa sasa, Mtukufu, anayeongoza ni mnajimu. Ila usiweke dau bado. Watu wakiikumbuka ile nusu nyingine, kuna mkimbiaji mpya ataingia uwanjani."