Kiti cha Kifaru

Zamani hizo, wanangu, zamani za kale kabisa, wanyama walipoona haitoshi kuwa na pembe bila kuwa na shahada, kulikuwa na Chuo cha Biashara katika Bonde la Mikwaju. Ukimaliza pale unaitwa Mtaalamu. Nani asitake?

Walimu walikuwa watatu. Profesa Tembo alifundisha uongozi, Dakta Kiboko fedha, na Dakta Nyati masoko. Hawakuwa wakisemezana. Kila mmoja aliamini somo lake ndilo biashara yenyewe, na mengine ni porojo.

Basi Digidigi akaja kusoma. Digidigi mnawajua, huishi wawili wawili, mume na mke. Huyu wetu alikuwa mjane, akaja peke yake.

Chuo kilikuwa na sharti moja: kazi zote zinafanywa kwa vikundi, na asiye na kundi anafukuzwa.

"Jamani, mna nafasi?" Digidigi akawauliza Pundamilia.

"Tumejaa, dada."

Akawaendea Nyumbu.

"Tumejaa!"

Nyumbu, wanangu! Lini Nyumbu wakajaa?

Digidigi akala peke yake. Roho ilimuuma hasa, na kurudi kwao bila shahada hakutaka. Akawaza, akawaza. Kesho yake akaenda kwa Profesa Tembo.

"Shikamoo, Profesa. Nimepata mwenzangu. Anaitwa Kifaru, katoka ng'ambo ya mto."

"Marahaba. Mbona simwoni darasani?"

"Yuko kwa Dakta Kiboko. Anasema kule ndiko kwenye elimu."

"Ati nini? Ptuu! Mwambie kwangu nitampa alama kubwa zaidi!"

Kwa Kiboko akasema Kifaru yuko kwa Nyati. Kwa Nyati akasema yuko kwa Tembo. Walimu wakashindana kumpa alama mwanafunzi wasiyewahi kumwona, na kuulizana hawakuulizana.

Chumbani kwake, Digidigi alimwekea Kifaru kiti.

"Umeshindaje, mwenzangu?"

Kiti kimya.

Siku moja, kwaru, kwaru, kwaru, akafika Kobe anahema. Mwendo wake mnaujua. Alifika chuoni vikundi vimeshagawanywa.

"Dada Digidigi, naona una kiti kitupu. Nina mihogo ya kuchemsha hapa, tule. Unaweza kuniingiza kwenye kundi lako?"

Moyo wa Digidigi ukaruka kwa furaha. Alitaka kusema ndiyo. Lakini Kobe akiingia, si atauliza Kifaru yuko wapi? Na Kobe hajui kusema uongo.

"Kiti cha mwenyewe hicho, kaka," akasema. "Tumejaa."

"Haya, dada. Si kitu."

Kobe akamwachia muhogo mmoja, akageuka. Kwaru, kwaru, kwaru. Kwa kukosa kundi, chuo kikamfukuza.

Ikafika siku ya kutetea kazi mbele ya walimu wote watatu. Digidigi akajibanza nyuma ya kichuguu na kibuyu kilichotobolewa. Akapiga gogo chini, gudu! gudu!

"Waheshimiwa!" akaita. "Kifaru ana upele, ataongea huku huku!"

Kisha akapuliza kibuyu. "Fruuuu! Mteja msikilize kwanza, ndipo umuuzie!"

"Lo! Maneno mazito hayo!" Profesa Tembo akapiga makofi. Kiboko na Nyati nao wakapiga, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake.

Maneno hayo hayo Digidigi aliwahi kuyasema darasani kwa sauti yake mwenyewe. Hakuna sikio lililogeuka, hata yale makubwa ya Profesa.

Siku ya mahafali wakaitwa, "Mtaalamu Kifaru na mwenzake!" Digidigi akasema Kifaru katangulia kwao, akapokea shahada zote mbili. Pundamilia walipigiwa vigelegele na Pundamilia, Nyumbu na Nyumbu. Yeye alipovaa joho, hakuna aliyekohoa.

Akarudi chumbani. Shahada moja akaiweka juu ya kile kiti.

"Hongera, mwenzangu."

Kiti kimya. Digidigi akalia.

Nami naishia hapo alipokaa na shahada zake, wanangu: ujanja utakupa cheo, lakini wa kukupigia vigelegele humpati kama ulimnyima kiti.