Chura wa Heketi na Mamba Aliyetaka Kuvikwa

Ngano inabisha hodi!
— Ikaribie, tupo!
Imebeba nini?
— Ibebe uongo wake, tutautambua wenyewe!

Zamani, katika nchi ya Misri, kabla watu hawajapata habari ya Mungu mmoja (naye anisamehe kwa kuitaja miungu yao, maana ngano hii naipenda), wanawake walimwabudu Heketi. Heketi alikuwa mungu wa kike wa uzazi, na kichwa chake kilikuwa cha chura. Sanamu yake ilisimama ukingoni mwa mto, juu ya ngazi za mawe. Mwanamke aliyekaribia kujifungua alishuka ngazi zile, akaoga mtoni, akagusa miguu ya Heketi, akaacha mikate ya asali. Asiyefanya hivyo alikwenda kujifungua kwa hofu.

Chini ya ngazi aliishi Chura. Alikuwa mdogo kama ngumi ya mtoto, lakini majivuno yake! Kila asubuhi alivimbisha koo: kroo, kroo! "Mtazameni Heketi, halafu mnitazame mimi. Nani kati yenu ana sura ya hekaluni?"

Siku moja akaja Mamba. Akalala juu ya ngazi, akafungua kinywa: mwaaa! Akala mikate, akafunga kinywa: kwap! Kesho yake, mwaaa! Akala bata wa kuchoma, kwap! Siku ya tatu akaja Meriti, mwanamke aliyekwisha kuzika vichanga wawili, na sasa mimba ya tatu ilikuwa imetimia. Mwaaa! Meriti akarudi mbio, ameshika tumbo, analia.

Mkunga wake, Bibi Tauseti, akamwambia Chura, "Wewe unayejisifu kila siku, leo sura yako itatusaidia nini?"

Chura akaona haya. Akaruka, pwata, pwata, mpaka mbele ya pua ya Mamba.

"Shikamoo, Mzee Mamba."

"Marahaba, kitafunio changu."

"Ukinimeza utakohoa bure. Nimekuja kwa habari yako. Wanawake wanasema unaokota mikate ngazini kama mbwa."

"Mimi? Mimi ndiye mungu wa hapa!"

"Ndivyo ninavyowaambia! Lakini wananiuliza: mungu gani huyu? Mungu huoshwa, akapakwa mafuta, akavikwa kitani, akabebwa mabegani. Wewe umebebwa lini?"

Mamba akafikiri. "Sijabebwa tangu nianguliwe."

"Masikini! Mwenye ukuu wote huo!"

"Nivikeni," akanguruma Mamba. "Leo hii!"

Bibi Tauseti akaja na wenzake na mabunda ya kitani. Mkono wake ulikuwa umefunga watoto wachanga miaka arobaini, haukujua kulegeza. Akazungusha kitambaa, zungu, zungu.

"Mungu wa mji wa jirani alizungushwa mara saba," Chura akasema, kama anayejisemea.

"Mimi mara kumi na nne!" Mamba akafoka. "Kaza!"

Wakakaza miguu. "Kaza!" Wakakaza mkia. "Kaza, nyinyi wanawake hamli?" Wakakaza mpaka kitani kikalia, kwii!

"Bado kinywa," akasema Chura.

"Kinywa nacho? Nitakulaje?"

"Mzee, mungu hatafuni! Huwekewa chakula mbele, akanusa, akashiba. Kinachobaki hula watumishi. Ndiyo desturi, muulize kuhani yeyote. Au wewe unataka kutafuna kama fisi?"

"Fisi? Mimi? Funga!"

Wakafunga. Wakamwekea bata na mikate ya asali mbele ya pua. Mamba akanusa, fff, fff. Kisha akaona wanawake wanakula.

"Mmmh! Mmmmh!"

"Mungu anasema karibuni sana," Chura akafasiri. "Anasema na mapaja msiyaache."

Meriti akashuka ngazi, hatua kwa hatua. Akaoga. Akagusa miguu ya Heketi. Kabla jua halijatua, nga! nga! nga! Binti, mzima, mwenye sauti ya kuziba masikio. Na Mamba? Wanawake wanane walimbeba mabegani kwa vigelegele, wakampeleka jangwani, mbali na maji, wakamjengea kibanda cha mchanga. Yuko huko hadi leo, amenyooka, anangoja chakula.

Naye Chura alivimba siku ile, kroo! Kidogo apasuke.

Funzo: waheshimuni wakubwa, msijisifu, wala msimlaghai mtu. Nakiri nimeipekua ngano yote nitafute mahali Chura alipoadhibiwa kwa majivuno yake, sijapaona. Lakini mimi ni mtu wa kusali, na siwezi kuwaacha bila funzo. Basi shikeni hilo. Ila mkubwa akitaka kuabudiwa, mkazieni vizuri.

Nimeitua hapa. Atakayeibeba, atie chumvi yake!
— Tumeipokea, na ni nzito!